Mukiri Hakuitika

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mabati ya shule, Kaari alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia uwanja na kumnawisha uso mdogo wake Mukiri, ambaye hakupenda kabisa kunawishwa. Kaari alikuwa na miaka kumi na miwili, Mukiri sita. Waliishi na mama yao katika kijiji kimoja juu ya Kiirua, mojawapo ya vijiji ambamo serikali ya wakoloni iliwakusanya watu wakati wa Hali ya Hatari, ilipopigana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Baba yao alikuwa bado kizuizini. Mama aliondoka mapema kwenda kulima na kurudi jioni mgongo ukimuuma, kwa hiyo kazi ya kumlea Mukiri ilikuwa ya Kaari, apende asipende.

Nyuma ya kijiji ulisimama msitu wa Mlima Kenya. Kati ya kijiji na msitu palichimbwa handaki refu, na ndani yake vikasimikwa vigingi vya mianzi vilivyochongwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeruhusiwa kulivuka. Mtu akionekana upande wa pili angeweza kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Ndiyo maana Mama aliwafundisha wanawe mambo mawili. La kwanza, ukisikia sauti msituni ikikuita, hata kama inalijua jina lako, usiitike. La pili, usifungue mlango giza likiingia mpaka usikie ishara. Mama alipochelewa kurudi aliligonga jembe lake kwa jiwe, mara mbili upesi, akanyamaza kidogo, kisha mara moja. Hapo ndipo Mukiri alipokimbilia komeo.

Ilipofika mwaka 1959 mambo yalikuwa yametulia, ingawa Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Mwalimu Hezekiah, aliyefundisha darasa la akina Kaari, alikumbuka njia ya msituni aliyoipita utotoni kwenda kuoga kwenye maporomoko ya maji. Alitamani sana wanafunzi wake waione. Alikwenda ofisi ya misitu mara nyingi mpaka karani akachoka kumwona, na mwishowe akapewa kibali cha Jumamosi moja, kwa sharti kwamba watoke msituni kabla ya saa kumi jioni. Usiku wa kuamkia siku hiyo watoto hawakupata usingizi, na nadhani hata mwalimu mwenyewe hakupata.

Asubuhi Kaari alifika akiwa amemshika Mukiri mkono, maana Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Mwalimu Hezekiah alikuna kichwa. Safari haikuwa ya watoto wadogo, lakini hakuweza kumrudisha mmoja bila kumrudisha mwingine. Akamwambia Kaari amshike mdogo wake wakati wote, na akichoka, aseme. Darasa zima lingesimama kumngoja, hata kama ingebidi wageuke bila kuyaona maporomoko. Kaari akaahidi. Ahadi haina uzito asubuhi.

Walivuka handaki kwa daraja la magogo. Askari wa msitu, mzee Thuranira, alitangulia na panga lake akifyeka njia, na mwalimu akatembea katikati ya mstari. Ndani ya msitu palikuwa na baridi tamu na harufu ya majani mabichi. Mbega waliruka juu yao, mikia yao myeupe ikipepea, na watoto ambao kwa miaka yote waliuona msitu kama ukuta mweusi walitembea vinywa wazi. Rahema, binti wa mwuza nyama wa pale sokoni na rafiki mkubwa wa Kaari, aliokota manyoya ya ndege mpaka mfuko ukajaa.

Mukiri alikuwa mzito wa kwenda. Alisimama kutazama siafu, akasimama kutazama uyoga, kisha akakaa chini na kusema miguu imekufa. Kaari alipoinua macho, mstari ulikuwa umepotea kwenye kona, na kwa mbali alisikia maji yakinguruma. Alijua la kufanya. Alitakiwa kupaza sauti tu, na mwalimu angesimama. Lakini aliwaza nyuso za wenzake wakiambiwa wageuke kwa sababu ya mdogo wake, na moyo ukamwambia vingine.

Kando ya njia palikuwa na mwerezi mkubwa wenye pango kwenye shina. Akamwingiza Mukiri humo, akampa kiazi kitamu kilichobaki katika chakula chao cha njiani.

"Kaa hapa," akamwambia. "Mtu yeyote akikuita, usiitike. Ngoja mpaka nije mimi."

Mukiri akatikisa kichwa kukubali. Neno hilo alilijua tangu azaliwe.

Maporomoko yalikuwa mazuri kuliko alivyosimulia mwalimu. Maji yalishuka kwenye jabali refu na kuanguka katika ziwa dogo la rangi ya kijani. Ukipiga kelele, jabali lilikurudishia sauti yako. Watoto waliita majina yao wakaitikiwa, wakarushiana maji, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kaari alicheza nao, akijiambia kwamba angerudi sasa hivi, kisha tena sasa hivi. Alipokumbuka kutazama juu, jabali halikuonekana tena. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kufunika kila kitu.

Mzee Thuranira akasema ni wakati wa kurudi. Mwalimu akawahesabu wanafunzi, akarudia kuwahesabu, kisha akamwuliza Kaari kwa upole mdogo wake yuko wapi.

"Alikuwa hapa sasa hivi, mwalimu," Kaari akajibu. "Nilimshika mkono, akaniponyoka."

Uongo ulimtoka wenyewe. Pengine alidhani angepata nafasi ya kukimbia kumchukua Mukiri kabla mtu hajajua. Lakini mzee Thuranira alikataza mtu yeyote asiondoke peke yake katika ukungu ule, kwa kuwa mbogo na ndovu walipita njia hiyo hiyo. Watoto wakaanza kuita na kupekua vichaka vya kando ya maji. Mwalimu Hezekiah hakuita. Alikuwa akilitazama lile ziwa, naye aligeuka rangi. Akavua viatu na koti, akaingia majini.

Maji ya mlimani ni baridi kama kisu. Mwalimu alizama, akaibuka akitetemeka, akavuta pumzi na kuzama tena, akipapasa chini kwa mikono. Alipoibuka midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Rahema alianza kulia. Kaari alisimama ukingoni, na aliona wazi kwamba mwalimu angeendelea kuzama mpaka nguvu zimwishie, akimtafuta mtoto ambaye hakuwamo.

"Mwalimu, toka majini," akasema. "Hayumo humo. Mimi nilimwacha njiani."

Akasema yote: mwerezi, kiazi, na maneno aliyomwambia. Alilia lakini hakuacha neno. Mwalimu alitoka majini, akajifunika koti. Hakumpiga wala kumkaripia. Alisema tu, "Tangulia, utuonyeshe."

Kutangulia kulikuwa rahisi kusema. Katika ukungu kila mti ulikuwa mwerezi na kila kona ilikuwa ile kona. Waliita mpaka sauti zikakauka, na msitu ukanyamaza. Mzee Thuranira alitazama juu pasipoonekana jua.

"Mwalimu, sikia," akasema. "Saa kumi ikipita mkiwa ndani, kibali kama hiki hakitatoka tena, kwa shule yoyote. Na doria ya jioni haijui kama sisi ni watoto wa shule."

Kaari aliita tena, lakini hata yeye hakuitambua sauti yake, kwa jinsi ilivyokwaruza kwa kilio. Ndipo alipoelewa. Mukiri alikuwa karibu, pengine karibu sana, na alikuwa akiwasikia. Hakuitika kwa sababu ameambiwa asiitike, na Mama na dada yake mwenyewe, na sauti za watu wazima katika ukungu zilikuwa ndizo hasa alizofundishwa kuziogopa. Kadiri walivyoita, ndivyo alivyozidi kujificha.

Akawaomba wote wanyamaze. Akaomba panga la mzee Thuranira, akaokota jiwe, akaligonga panga mara mbili upesi. Akanyamaza. Kisha akaligonga mara moja.

Palikuwa kimya. Akagonga tena vile vile. Kushoto kwao, hatua chache tu kutoka mahali walipokuwa wamepita wakiita, majani yakatikisika. Mukiri akatoka nje ya mti, majani makavu kwenye nywele, kiganja chake kikiwa kimeziba mdomo wake mwenyewe. Alipomwona dada yake ndipo alipokiondoa.

"Wameniita sana, Kaari," akasema. "Sikuitika. Nimefanya vile umesema."

Kaari alipiga magoti akamkumbatia, na uchungu alioupata kwa maneno hayo ulizidi wa fimbo yoyote. Akambeba mgongoni mpaka kwenye handaki, na hakukubali mtu ampokee. Walivuka daraja muda mfupi tu kabla ya saa kumi.

Pale mwalimu aliwakalisha watoto kwenye nyasi. Nguo zake zilikuwa bado zinadondosha maji.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "lakini leo ilikaribia kumpoteza mtu mwingine asiye na kosa. Kaari, mtoto huyu alilishika kila neno ulilomwambia. Mtu akikuamini hivyo, huna ruhusa ya kulichezea neno lako. Ulikosa ulipomwacha, ukakosa zaidi uliponidanganya. Lakini uliposema kweli, mbele ya wote, ndipo tulipompata. Sasa nenda ukamwambie mama yako mwenyewe, kabla hajasikia kwa majirani."

Kaari alikwenda. Mama alisikiliza akiwa amesimama na jembe mkononi, kisha akaketi chini ghafla na kumpakata Mukiri. Jioni ile Kaari hakuulizwa kama ana njaa, naye hakuomba chakula.

Miezi michache baadaye Hali ya Hatari iliondolewa, na darasa likarudi msituni. Safari hii mwalimu alitembea nyuma ya wote. Mukiri alipochoka, Kaari alipaza sauti, na mstari mzima ukasimama bila mtu kunung'unika. Walifika wamechelewa, lakini walifika. Kaari alimweka mdogo wake juu ya jiwe akamwambia aite. Mukiri alisita sana, akimtazama dada yake. Kisha akaita jina lake kwa nguvu zake zote, jabali likaliita jina lile lile, na Mukiri akaitika.