Paka wa Kathini Anahamia Mutomo

Asubuhi ya kuhama, Kathini aliamka akiimba. Kwa miaka tisa yeye na mumewe Musyimi walikuwa wamekodi vyumba viwili pale Nunguni. Sasa nyumba yao wenyewe ilikuwa inawangoja Mutomo, mabati yake bado yanang'aa. Alichemsha chai ya mwisho, kisha akafagia chumba kitupu kana kwamba mgeni anakuja.

Jana yake alikuwa amefua kila kitu. Mapazia, mashuka, hata gunia ambalo mbwa hulalia. Hakutaka kuwafikia majirani wapya na uchafu wa zamani.

Mbwa wao aliitwa Diwani, kwa sababu alitembelea kila boma na hakuna kazi aliyofanya. Paka aliitwa Mrembo, na huyo kazi aliifanya. Kule Mutomo magunia ya ndengu yalikuwa tayari ghalani, na panya walikuwa wametangulia kuhamia. Bila Mrembo, ndengu zingeisha kabla ya Krismasi. Tena Kathini alikuwa amemlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kikombeni. Akipotea huyu, hata nyumba mpya ingekosa utamu.

Kanta ya kukodi, lori dogo la mizigo, ilifika saa moja. Dereva, Kiama, alipanga vitanda na masufuria mpaka juu, akaanza kutafuta turubai. Mama yake Musyimi alikuwa amepiga simu mara mbili kukumbusha: paka atiwe kwenye gunia, azungushwe mara saba, asije akaijua njia ya kurudi. Musyimi akamtia, akafunga.

Hapo ndipo Kalunde alipovuka barabara kuja kuwaaga. Kalunde aliuza dawa za mifugo kwenye agroveti ya hapo mkabala. Alisimama, akatazama chini.

"Musyimi, hilo gunia linatembea."

"Ni paka. Nataka kumzungusha asahau njia."

"Nikuzungushe wewe mara saba, utasahau kwenu?"

Kiama alicheka mpaka turubai ikamponyoka.

Kalunde alifungua gunia mwenyewe. Alieleza polepole, kama anavyowaeleza wateja wake. Hapa Nunguni kuna baridi, watu wanavaa sweta. Lakini Kibwezi, watakakopita, jua ni kali, na chini ya turubai ni kama tanuri. Ndani ya gunia, bila hewa, paka angekufa kabla ya kufika Ikutha.

"Na asipozungushwa, si atarudi?" Kathini aliuliza.

"Paka hutoroka kwa sababu pale papya si kwake bado. Mfungie ndani wiki tatu. Mlishe hapo, umwekee na karai la mchanga. Pakishakuwa na harufu yake, atakaa."

Diwani naye alikuwa ameingiza kichwa kwenye sufuria ya ugali na matumbo. Kathini alikuwa amempa asife njaa njiani. Kalunde aliiondoa mara moja. Mbwa akishiba halafu ateremke zile kona za kwenda Salama, atatapika. Chakula apewe jioni ya kabla ya safari. Asubuhi, maji tu. Wala asifungwe shingo kule nyuma, maana akiruka kamba itamnyonga. Akae mbele, miguuni pa Musyimi.

Kiama alisema gari lake si zizi. Kalunde akamuuliza kama angependa zaidi kusimama barabara ya Mombasa kutafuta mbwa. Kiama akaleta katoni ya kutandika.

Kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa zilikuwa kwenye mkoba wa Kathini. Wanyama wote wawili walidungwa mwezi wa tatu. Kalunde alizisoma, akasema zikae hapo hapo, zisipakiwe chini ya vitanda. Wakiulizwa njiani, ndizo wataonyesha.

Kisha alileta sanduku la mbao la nyanya, lenye nafasi za kupitisha hewa, na kamba ya kufungia juu.

"Sasa nipe kitambaa chake kichafu."

"Nimefua vyote," Kathini akasema.

"Vyote? Mnyama hutulizwa na harufu anayoijua, siyo sabuni."

Kathini alijitazama. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, ile ambayo Mrembo hulalia kila jioni. Akaivua, akaikunja sandukuni. Mrembo aliinusa, akajikunja juu yake, akanyamaza.

Pale Kibwezi walisimama kula. Musyimi alitaka kufunga vioo na kuwaacha wanyama ndani, wezi wasiibe. Kathini alikataa kabisa.

"Nyinyi kuleni. Mimi nitakula chapati hapa kivulini na wanyama wangu."

Alishusha sanduku, akamimina maji kwenye kifuniko. Diwani akayamaliza, akaomba tena. Jua la saa kumi lilipokuwa likigonga mabati yao mapya, Kanta iliingia Mutomo na wote walikuwa wazima.

Wiki tatu Mrembo alilala ghalani juu ya sweta. Siku ya kumfungulia, Kathini alikaa kizingitini, mikono mapajani. Mrembo alitoka, akanusa ua, akapita chini ya lango, akapotea. Chai ya Kathini ilipoa bila kuguswa.

Ndipo simu ya mama mkwe ikalia. Alitaka kujua walizungusha mara ngapi.

Chini ya lango kichwa cha Mrembo kilikuwa kinarudi, na mkia wa panya ukining'inia mdomoni.

"Hata moja, mama," Kathini akajibu, akiinuka kumpisha apite na panya wake.