Barua za Byron Zafika Huruma

Nanzala alifua nguo za watu mtaani Huruma, Eldoret. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akapika ugali wa mtu mmoja, akala peke yake. Mumewe alikuwa amefariki. Baada ya matanga aliondoka Webuye kutafuta kazi. Majirani wa hapa walimjua kwa salamu tu.

Mwanawe wa pekee, Byron, alikuwa amefungwa gereza la mbali. Kila mwezi alimwandikia mama yake barua. Lakini tangu Nanzala ahame, miezi minne ilipita bila hata moja.

"Labda amenichoka," alijiambia. "Ama ni mgonjwa."

Siku moja aliomba ruhusa kazini, akaenda posta. Kwenye kaunta alimkuta mfanyakazi aitwaye Jerop.

"Naulizia barua ya kijana wangu," alisema.

"Mama, huwa anaandika anwani gani kwa bahasha?"

"Ya sanduku langu la posta la Webuye."

"Na ulimwambia umehama?"

Nanzala aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nangoja aandike, ndio nimjibu."

"Basi huyo kijana hajakuacha," Jerop alisema kwa upole. "Barua zinalala Webuye. Posta haiwezi kujua umehama mpaka uiambie. Jaza fomu ya kuhamisha barua. Andika anwani ya zamani na mpya, uonyeshe kitambulisho, ulipe ada, uchukue risiti."

"Sina sanduku hapa."

"Unaenda kanisa?"

"Ndiyo."

"Mwombe pasta utumie sanduku la kanisa. Akuandikie ruhusa."

"Hiyo ada nitaiweza?"

Jerop alimwonyesha bei ukutani. "Inategemea muda. Mwaka mzima ni ghali. Chukua muda mfupi, lakini leo hii mwandikie kijana anwani mpya. Muda ukiisha, barua zenye anwani ya zamani zitaenda Webuye tena. Akishajua uko wapi, hutahitaji kulipa mara ya pili. Zile zilizolala, nitaomba wenzangu wazitume pia."

Jioni hiyo Nanzala alimwona pasta, kisha akamwandikia Byron anwani ya kanisa. Kesho yake alirudi na ruhusa ya pasta, akajaza fomu, akalipa.

Baada ya wiki mbili, pasta alimpa barua nne kanisani. Anwani ya Webuye ilikuwa imekatwa kwa kalamu, ya kanisa ikaandikwa kando. Nanzala alikaa kwenye benchi la nyuma, akazisoma moja moja. Ya tatu ilisema, "Mama, kama umenikasirikia, niandikie hata neno moja." Ya nne ilikuwa na mistari miwili: "Sijui kama uko hai. Nitaendelea kuandika."

Alizikunja, akakaa hapo mpaka kanisa likabaki tupu.

Mwezi uliofuata ilikuja ya tano. Kwenye bahasha hii hapakuwa na anwani iliyokatwa. Byron mwenyewe alikuwa ameandika anwani ya kanisa la Huruma. Ndani alisema, "Mama, barua yako imefika. Nilidhani nimebaki peke yangu."

Nanzala aliomba kalamu kwa jirani, akaanza kujibu.