Kuku Aliyenyimwa Baba Mkwe

Kila asubuhi Mama Léonie aliwamwagia kuku wake mahindi nyuma ya nyumba za reli, hapo Kamina. Walikuwa wamechanjwa dhidi ya mafua ya ndege, isipokuwa wachache waliofungwa uzi mwekundu mguuni. Hao Dokta Mbayo, daktari wa mifugo, aliwaacha bila chanjo kwa makusudi. Aliwaita walinzi. Nao walikula na kusinzia, kama walinzi wengine.

Jumapili moja akafika baba mkwe kutoka Kaniama, Papa Yav, dereva wa treni mstaafu. Watu wakasimama. Hata jogoo alinyamaza kidogo. Mgeni wa namna hiyo hupewa kuku mzima, na Papa Yav alitangaza kwamba nyama ya kuku aliyepigwa sindano humvimbisha magoti. Akataka mwenye uzi.

Léonie alipokwenda bandani, akamkuta mlinzi mmoja amejikunyata, kichwa kimevimba. Mzee akachungulia.

"Kata haraka, mbele ya kufa. Nyama isipotee."

Mtaani wengi walifanya hivyo. Léonie akapiga goti kwa heshima, kisha akafanya jambo ambalo hakuna mke wa ukoo ule aliyewahi kulifanya.

"Hapana, tata. Huyu hapana, na bengine hapana."

Akafunga banda, akawaondoa watoto, akanawa mikono kwa sabuni, akampigia simu daktari. Mzee akala maharagwe, kofia kichwani.

Mbayo akaja na glavu na barakoa. Akasugua koo la kuku kwa kijiti chenye pamba, kiende maabara. Akakataza kuuza kuku wala yai mpaka jibu lije. Xavier, mume wa Léonie, akauliza mbona wengine walikuwa wazima.

"Chanjo inawakinga wasiugue sana," Mbayo akajibu. "Lakini kirusi kinaweza kutembea ndani yao kimya. Asiyechanjwa njo anaugua wazi, anatuonyesha kirusi kimeingia. Na ukimuchinja na kumunyonyoa, ugonjwa unaweza kukuingia weye."

Jibu likaja: mafua ya ndege. Kuku wote wakauawa na kuzikwa, banda likaoshwa kwa dawa. Léonie alilia. Lakini nyumbani hakuna aliyeugua, na mabanda ya majirani yalipopimwa, yote yalikuwa salama. Baadaye akapewa ruhusa ya kufuga tena, akaanza na vifaranga.

Siku vifaranga walipofika, majirani walikuja kutazama, na baba mkwe akaja tena kutoka Kaniama. Papa Yav, ambaye alikuwa hajawahi kumsifu mtu yeyote, akavua kofia.

"Mukwe wangu alininyima kuku," akawaambia. "Njo maana niko hapa naongea."