Dizeli au Petroli kwa Gari la Maharusi

Nilianza kuona vidoa. Vilikuwa vidogo kama mbegu za mchicha, vyeusi, juu ya utepe mweupe.

Kazi yangu ni kupamba magari ya harusi. Tepe na maua ya plastiki nanunua soko la Owino. Jumamosi asubuhi nazifunga kwenye gari, jioni nazifungua, nazifua, nazianika nyumbani kwetu Namuwongo. Magari mengi hurudi na vumbi tu. Lakini tepe za nyuma za magari mawili ya dizeli zilirudi na vidoa vyeusi kila mara. Sabuni haikuvitoa. Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji.

Papa, yaani baba yangu, anaitwa Kasereka. Kwetu Kongo alikuwa dereva wa lori. Hapa Kampala anawaendeshea wenye magari ya harusi. Mama yangu, Pélagie, amebaki Butembo. Anamtunza bibi, ambaye hawezi kutembea tena na hataki kuhama. Barabara ya huko imejaa watu wenye bunduki, kwa hiyo Papa haendi na Mama haji. Tunamsikia kwenye simu, siku mtandao ukikubali.

Kwa miaka mingi Papa aliweka akiba. Alitaka gari lake mwenyewe, lile ambalo paa lake linakunjwa nyuma, bibi harusi aonekane na mtaa mzima. Gari kama hilo halikosi mteja. Akiba ilitosha gari moja. Tukikosea, hakuna la pili.

Siku moja tulikwenda kwenye yadi ya magari. Muuzaji aliitwa Saverio, kijana wa maneno mengi. Alikuwa na magari mawili ya wazi, yote yametumika ng'ambo. La buluu lilikuwa la dizeli. La kijivu lilikuwa la petroli.

"Bosi, chukua la buluu," Saverio alisema. "Halina njaa hili. Unalilisha leo, linashiba wiki nzima."

Papa akaliwasha. Injini ikagonga kama lori dogo. Papa akafumba macho.

"Exaucée, sikia mazutu hiyo." Sisi Wakongo dizeli tunaiita mazutu. "Injini ya mazutu haikuachi njiani. Nimeishi nayo."

"Na lile la petroli, Papa?"

"Lile? Linakunywa kama mlevi aliyepokea mshahara."

Saverio akacheka sana, kama muuzaji anavyocheka. Mimi pia nilisimama kuisikiliza injini. Ilikuwa kama sauti ya lori linalokwenda Butembo.

Papa alimwambia Saverio tutarudi kesho. Kabla ya kurudi nyumbani tulipita Kansanga, kwenye duka la vipuri la Mama Zulaika. Huyu ni mama wa Kinubi, mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Zamani alikodisha magari ya harusi yeye mwenyewe. Sasa anauza vipuri.

"Papa Exaucée! Unatabasamu leo. Umeoa?"

"Nanunua gari, Mama Zulaika. La wazi. La mazutu."

"La wazi, la dizeli, kwa harusi?" Akaweka kikombe cha chai chini. "Nani amekuroga?"

"Nimeendesha mazutu tangu wewe hujaolewa."

"Na mimi nimeuza nozo zake za kupulizia mafuta tangu wewe hujavuka mpaka. Kaa hapo."

Papa hakukaa. Nikatazama sakafu, nikasema, "Tepe za magari ya dizeli zinarudi na vidoa vyeusi. Za petroli hazina."

"Bambi, jamani, binti anasema!" Mama Zulaika akapiga makofi. "Kasereka, umesikia? Huyu ameona kwa macho. Sasa nijibu. Jumamosi gari linakwenda wapi?"

"Saluni. Halafu kanisani. Halafu bustanini kupiga picha. Halafu ukumbini."

"Kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa bibi harusi. Watu wa miguu wanatupita."

"Katikati ya wiki?"

"Linalala."

"Haya, sikia. Dizeli ya siku hizi si ya lori lako la zamani. Ndani ya bomba la moshi kuna chujio. Kazi yake ni kukamata masizi. Ili chujio lijisafishe, bomba lipate moto mkali. Moto huo unakuja ukishika njia ndefu, ukienda bila kusimamasimama. Wewe unatambaa, unazima, unawasha. Masizi yanajaa tu. Taa inawaka mbele yako, injini inakosa nguvu. Unakwenda kwa fundi, anakwambia, tulitoe hili chujio, linasumbua. Likishatolewa, moshi mweusi unatoka hivihivi. Ndiyo hayo madoa ya binti yako. Na gari halina paa! Bibi harusi anaumeza. Picha zote anakohoa."

Nilijikuta nacheka. Papa hakucheka.

"Lakini petroli inakunywa," alisema.

"Kweli, kwa njia ileile inakunywa zaidi. Sibishi. Ungekuwa mtu wa kwenda Gulu na kurudi kila siku, ningekwambia chukua dizeli kwa mikono miwili. Lakini wewe unakwenda umbali gani? Unachookoa kwenye mafuta, nozo ikiharibika inakimeza chote. Injini ya petroli haina kelele, haitetemeshi shada la maua, na vipuri vyake havikuumizi sana."

"Kwa hiyo haina ubaya?"

"Inao. Ikiwa feni au rejeta ni mbovu, itachemka kwenye foleni mbele ya wageni wote. Nendeni asubuhi, kabla hawajaiwasha. Gusa boneti. Iwe baridi. Ikiwa ya moto, wameiwasha mapema, labda wanaficha kitu. Iache iungurume mahali pamoja, utazame mshale wa joto. Kunja paa, lirudishe, likunje tena. Na uende na fundi wako, si wa Saverio."

Papa alikuwa anatazama barabarani. Mama Zulaika akapunguza sauti. Sikujua kwamba anaweza.

"Kasereka. Gari hili ni la Jumamosi, au ni la safari nyingine?"

"Siku moja barabara itafunguka," Papa alisema. "Nitakwenda kumchukua Pélagie."

"Kwa gari lile? Tumbo lake linagusa chini namna hii! Kabla ya kufika mpakani Kasindi utakuwa umelibeba mgongoni."

Sasa Papa alicheka, lakini akajifuta macho kwa kiganja.

"Nunua gari la kazi uliyo nayo," Mama Zulaika alisema. "Kazi ikiwepo, siku barabara ikifunguka Pélagie atapanda basi kama watu wengine. Kale, haya, nendeni. Chai yangu imepoa."

Asubuhi tulirudi yadi na fundi anayeitwa Okot. Saverio aliapa kwamba magari hayajawashwa tangu jana. Niligusa boneti ya gari la buluu. Ilikuwa ya moto. Niligusa ya gari la kijivu. Ilikuwa baridi, na umande juu yake. Nikamtazama Papa, naye akaelewa. Hakugombana na mtu.

Okot aliliwasha la kijivu, likawaka mara moja. Tuliliacha liungurume mpaka Saverio akaanza kupiga miayo. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukakaa. Paa lilikunjwa, likarudi, likakunjwa tena. Papa alizunguka yadi polepole, mwendo wa bibi harusi. Halafu akashuka, akalitazama la buluu kwa muda, akalipia la kijivu.

Sasa lina mwaka na zaidi. Maharusi wanalipenda kwa sababu wanaweza kuongea humo ndani bila kupaza sauti. Papa hubadilisha oili kwa wakati na kukagua maji kila Ijumaa. Gereji hatuijui sana. Jumamosi nyingi lina kazi, na kila mwezi tunamtumia Mama kitu cha dawa za bibi.

Jumapili iliyopita mtandao ulikubali. Papa alikuwa anaosha gari. Nilishika simu, Mama akauliza habari za shingo ya Papa, ambayo humuuma, halafu akauliza habari za gari.

"Linaweza kufika huku?" alisema, kwa utani.

Papa alisikia. Akaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

"Haliwezi, Mama," nilisema. "Ni gari la hapahapa. Lilikuwepo lingine, la mazutu. Mimi ndiye niliyelisema vibaya, na nilisema kweli."

"Basi mlifanya vizuri, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Lakini nililitaka. Nililitaka kuliko Papa."