Muhogo Kwenye Deli la Damu

Kila asubuhi ya likizo Zamda alifagia uwanja wa shangazi yake mjini Korogwe, akaosha vyombo vya chai, kisha wakafuatana hadi maabara. Shangazi Mashavu aliingia kuvaa koti jeupe na glavu. Zamda alibaki kwenye benchi nje ya mlango wa kioo, maana watoto hawakuruhusiwa ndani. Hapo aliona kila kitu, na alisikia pia, kwa sababu shangazi yake hakuwa mtu wa kunong'ona.

Siku hiyo kelele zilianza mapema. "Jamani, nimekosa nini mimi!" Shangazi Mashavu aliinua sahani ya plastiki yenye visima vidogo vidogo, akaitazama kwenye mwanga. "Vyeupe! Vya wagonjwa vyote vyeupe!"

Alikuwa anapima damu ya watu wa kijiji cha Kwedizinga waliomaliza dawa ya malaria. Vijidudu vya malaria hutoa kimeng'enya chao kwenye damu, na kikikutwa kingi baada ya dawa, basi vijidudu bado vipo. Jana yake alimweleza Zamda wakiwa jikoni: "Chini ya kila kisima kuna kingamwili zinazokikamata hicho kimeng'enya. Halafu tunatia nyingine zinazokifunika kwa juu. Ni kama yai katikati ya vipande viwili vya mkate. Mwisho tunatia dawa ya rangi. Kisima kikiwa buluu, kimeng'enya kipo. Kikibaki cheupe, hakipo."

Bwana Yordani, mkuu wa maabara, aliikagua sahani akatabasamu. "Mbona unalalamika? Dawa imefanya kazi, wote wamepona! Mchana napeleka majibu Kwedizinga."

"Wote? Hata Sufiani?" Shangazi aligeuka mwili mzima. "Juzi nimemshika paji la uso, mtoto anawaka moto!"

"Labda ni mafua. Kipimo chenyewe kizima, vile visima vya kulinganishia, tulivyotia kimeng'enya wenyewe, si vimekuwa buluu?"

Zamda alisikia jina hilo, akasogeza uso kwenye kioo. Sufiani alikuwa mdogo wake, aliyeko Kwedizinga na mama yao. Majibu yakienda hivyo, zahanati itamwambia mama kwamba malaria imekwisha, na Sufiani hatabadilishiwa dawa.

Na Zamda alishuku kwa nini visima vilikuwa vyeupe. Juzi, walipokuwa wakiondoka Kwedizinga na gari la maabara, bibi yake, Bibi Hajira, alimletea muhogo wa kuchemsha, umefungwa kwenye jani la mgomba, unatoa mvuke. Kwa bibi huyo mgeni haondoki mikono mitupu, na zawadi yake haikataliwi. Shangazi alikuwa bado anaagana na wauguzi. Zamda alikuwa kiti cha nyuma, amepakata deli, yaani sanduku la kutunzia ubaridi, lenye vichupa vya damu, na alikuwa ameambiwa waziwazi lisifunguliwe. Lakini si mama wa chapati pale stendi huweka chapati zake kwenye deli zisipoe? Basi akafungua. Akatoa vifuko vya barafu kupata nafasi, akavisukuma chini ya kiti, akalaza muhogo juu ya vichupa. Walipokaribia Korogwe aliutoa, akarudisha barafu iliyokwisha kuyeyuka, akafunga, akanyamaza.

Sasa si aseme? Wapi! Alikaa kwenye benchi akibana midomo, huku shangazi yake akirudia kipimo kizima upya. Akatia, akaosha, akasubiri, akatia tena, jasho likimtoka. Vyeupe. Alilaumu vifaa, akalaumu umeme, akamlaumu hata fundi wa friji aliyepita mwezi uliopita. Mtoto anatazama tu! Inakera, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Yordani alipochukua ufunguo wa gari, ndipo Zamda alipogonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Usiende! Ni mimi! Niliweka muhogo wa moto kwenye deli!"

Shangazi Mashavu alifungua mlango polepole. "Muhogo? Wa moto? Juu ya damu za watu? Joto linakiharibu kimeng'enya, Zamda! Sikukwambia deli lisifunguliwe?"

"Uliniambia, shangazi."

"Na asubuhi yote nahangaika, wewe unanitazama kwenye kioo!"

Zamda akaangua kilio. Hakubembelezwa. Kesho yake alipelekwa Kwedizinga, akasimamishwa mbele ya watu akaeleza mwenyewe.

"Yaani damu yangu imepikwa pamoja na muhogo!" alifoka Mzee Kibwana. "Mie sichomwi tena. Msituchezee!"

"Muhogo niliutoa mimi," alisema Bibi Hajira kwa hasira, "lakini kufungua deli ulitumwa na nani? Ungeupakata tu!" Alimtazama mjukuu wake, kisha Sufiani aliyekuwa amejikunyata mgongoni kwa mama yake. Akakunja mkono wa baibui. "Haya, nichome mimi kwanza. Mtoto asikae na homa kwa sababu tumenuna." Mzee Kibwana alinung'unika, lakini naye akajipanga nyuma yake.

Safari hii Shangazi Mashavu alilipakata deli mwenyewe. Visima vingi vilibaki vyeupe, na weupe huo ulikuwa wa kweli. Kisima cha Sufiani kiligeuka buluu iliyokolea. Jioni ileile zahanati ilipigiwa simu, Sufiani akaanzishiwa dawa nyingine, na baada ya siku chache alikuwa anakimbiza kuku na kupigiwa kelele na bibi yake.

Habari hizo zilipofika Korogwe, Zamda alicheka mpaka machozi yakamtoka. Shangazi yake hakucheka.

"Kaa hapa," alimwambia. "Kuweka muhogo ulikosea bila kujua madhara yake, na mimi huwa nakosea pia. Lakini kunyamaza ulinyamaza unajua. Mwanangu, ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama utagombezwa. Kugombezwa kunaisha. Yordani alikuwa ameshashika ufunguo wa gari, na mdogo wako alikuwa anaungua."