Kizibo cha Boti ya Isack

Kwa heshima na taadhima, wasomaji wapendwa, tunawatangazia uzinduzi wa chombo cha Bwana Isack Wambura, fundi kompyuta wa Falls Church, Marekani, na bwana harusi wa mwezi ujao. Chombo chenyewe ni boti ya injini ya mwaka 1983, aliyoinunua kwa muuguzi mmoja wa Lanham kwa bei ya kochi kuukuu. Dakika nne baada ya kushushwa mtoni, ilikuwa imekalia matope, mito ya viti ikielea.

"Irene, kizibo kiko wapi?" Isack alimfokea mchumba wake, maji kiunoni.

"Nilikifunga."

"Kazi moja tu nilikupa! Tundu moja la nyuma, kizibo kimoja!"

"Nimesema nilikifunga, Isack. Kwa mkono huu."

Alisema hayo akiwa mbali na ukingo. Irene hakuwa amekaribia maji tangu kaka yake, Eliudi, aende kuogelea Musoma akarudishwa amefunikwa shuka. Isack alimbembeleza majuma matatu ndipo akakubali kuja. Nyuma ya Irene alisimama mdogo wake, Elieth, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo. Binti mtulivu, mcha Mungu, asiyejua lolote.

Isack alitoka majini, akachukua simu garini, akampigia Kipchumba, yule muuguzi aliyemuuzia boti.

"Kaka, kile kizibo kinaweza kulegea chenyewe?"

"Haiwezi, boss. Hiyo lazima mtu aizungushe na mkono, kama mara sita hivi. Kuna mtu ameitoa."

Isack akakata simu.

"Jana mezani ulisema nini, Irene?"

"Nilisema naiogopa."

"Ulisema heri izame."

"Heri izame ikiwa tupu! Nilikuwa nakuogopea wewe!"

"Basi imezama ikiwa tupu. Umefurahi?"

Waliokuwa kwenye foleni na boti zao wakajifanya wanakagua kamba. Irene akavua pete, akaiweka juu ya boneti ya gari.

"Hujaniuliza hata mara moja kama ni mimi. Umenihukumu tu. Mume wa hivyo nitaishi naye vipi?"

"Irene..."

"Elieth, nipe leso. Twende zetu."

Elieth akachomoa leso mfukoni. Kitu cha shaba kikatoka nayo, kikadunda kwenye saruji, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha Isack.

Kizibo.

"Shemeji, naweza kueleza."

"Eleza."

Hapa msimulizi anaomba radhi, maana Elieth ni mimi.

Nilikitoa tukiwa kwenye foleni, Dada alipokwenda chooni. Shuleni nimewahi kuficha kengele. Watu wakatafuta, wakacheka, yakaisha. Nilidhani Shemeji atakagua, ataona tundu wazi, tutarudi nyumbani.

"Lakini kwa nini?" Dada aliuliza.

"Sikutaka mwende majini. Eliudi alikuwa kaka yangu pia."

Hakuna aliyecheka. Dada alinivuta kifuani akanibana hadi nikakosa pumzi. Shemeji aliokota pete, akasimama mbele yake, suruali ikichuruzika.

"Irene, ni wewe uliyekitoa?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Sasa ndiyo nauliza. Nisamehe."

Dada aliniachia, akamgeukia.

"Si mimi," alisema, akamnyooshea kidole cha pete.

Harusi ipo. Mimi ni msimamizi wa bibi harusi, na nimeamriwa nivae kizibo shingoni.