Geti Lililokataa Kurudi

Emery alikuwa mlinzi wa usiku huko Randburg. Yeye, mkewe Denise na mama yake mzazi walipanga vyumba viwili katika nyumba moja ya Bellevue. Kitu kikiharibika pale uani, wapangaji walimwita Emery.

Rilei ya mota ya geti lao la umeme ilipoungua, Emery alinunua nyingine, akaifunga. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme. Ncha zake zikigusana, umeme unapita, zikiachana, unakatika.

Jumamosi moja mama yake alikuwa akitoka. Geti likaanza kujifunga kabla hajapita. Emery akabonyeza rimoti ili lirudi. Rilei ikalia tak! Geti likaendelea kuja.

"Mama, rudi ndani!"

Mama hakuwahi. Emery alikimbilia boksi la mota, akang'oa waya wa betri. Geti likasimama, limebana kitenge cha mama kwenye nguzo. Mwili wake haukuguswa.

"Niko muzima, mwanangu," mama alisema. "Lakini hiki kitu kitaua mutu."

Jirani yao Keziah, mhandisi wa umeme kutoka Kenya, alitoka aliposikia kelele. Aliifungua ile rilei, akamwonyesha Emery.

"Ona, ncha zimeyeyuka zikashikana. Uliichaguaje hii?"

"Imeandikwa ampea kumi, dada. Mota inakula tano tu."

"Tano ni ikishakimbia. Ikianza kusukuma geti, inavuta hata ishirini. Ukiigeuza kabla haijasimama, inavuta zaidi. Tena hizo kumi ni za umeme wa ukutani. Ule hushuka hadi sifuri mara nyingi kwa sekunde, kwa hivyo cheche inakufa haraka. Umeme wa betri haushuki. Cheche inakaa, inachoma ncha."

"Eish! Kumbe ni mimi nusura nimuponde mama yangu."

"Hukujua. Sasa tununue mbili zinazofanana, zilizoandikwa umeme wa betri, volti ishirini na nne, ampea arobaini. Ziwe na ncha ya kati inayohama upande mmoja hadi mwingine. Kila waya wa mota unaingia kwenye ncha ya kati ya rilei yake. Rilei zikitulia, waya zote mbili ziko upande wa hasi wa betri, mota inasimama. Moja ikivuta, waya wake unahamia upande wa chanya, geti linafunguka. Nyingine ikivuta, linafungwa. Zikivuta zote kwa bahati mbaya, mota inasimama tu."

Walizifunga Jumatatu, betri ikiwa imetolewa. Keziah alipanga mota isimame kwanza kabla ya kugeuka. Kisha wakarudisha betri, Emery akaweka katoni tupu njiani.

Geti lilikuja. Akabonyeza. Likasimama, likatulia kidogo, likarudi nyuma. Akarudia, na akarudia tena, mpaka Denise akaanza kucheka.

"Inatosha, baba! Utaichosha."

Mama akapita getini polepole, akageuka, akapita tena, kwa raha zake tu.

Mchana ule Emery alilala usingizi mzito. Ilibidi Denise amtikise mara mbili ili aende kazini.